Kava laini la pikapu katika msimu wa mvua Kigoma na Tabora: maji yanapopita na namna ya kuyazuia

Mwenye uzi (Kigoma mjini)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naandika kuhusu kava laini la pikapu, yaani lile la vinili linalotandazwa juu ya bodi ya nyuma na kushikwa na reli mbili za pembeni, liwe la kuviringisha au la kubana kwa vifungo. Baadhi ya magari yaliyotumika nje hufika mikoani kwetu yakiwa nalo tayari, na wengine hulinunua hapa hapa wakitarajia kwamba mzigo utakuwa salama tangu mvua za kwanza za Oktoba au Novemba hadi zinapokoma Aprili au Mei. Matarajio hayo yana msingi, ila mtu anapoona mzigo umelowa huanza kukagua kitambaa, na mara nyingi kitambaa hakina kosa lolote. Poliesta iliyopakwa PVC, ambayo ndiyo hiyo tunayoiita vinili, haipitishi maji kama haijatoboka wala kupasuka. Maji hupita kwenye mishono, kwenye pembe mbili za mbele karibu na kabini na kwenye mwanya wa mlango wa nyuma, na zaidi ya kote hupita pale kava linapolegea na kutengeneza dimbwi, kwa sababu dimbwi likishakuwa zito hulivuta kava litoke kwenye raba zake.

Nianze na dimbwi hilo, maana ndilo linalozaa matatizo mengine. Bodi ya pikapu ya milango minne ina urefu wa mita moja na nusu hivi, na upana unaokaribia huo huo. Mvua ya milimita 40 ikinyesha juu ya eneo hilo humwaga takribani lita 90. Kava likiwa limekaza, maji hayo huteleza na kumalizikia pembeni. Likiwa limelegea, sehemu yake hubaki katikati. Dimbwi la urefu wa mita moja, upana wa nusu mita na kina cha wastani cha sentimita nne hubeba lita 20, ambao ni uzito wa dumu zima la maji. Kitambaa kinavutwa na uzito huo, kinazidi kulegea, na mvua ya kesho inakuta bonde kubwa kuliko la leo. Gari likikanyaga shimo, maji yote yanarukia upande mmoja na kuingia ndani kwa mkupuo, na hapo ndipo dereva anapoapa kwamba kava limetoboka.

Chanzo cha kulegea ni joto. Vinili hulainika na kutanuka inapopata moto, kisha hukakamaa na kusinyaa inapopoa. Tabora hupata joto lake kali Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijatulia, na kava jeusi lililoegeshwa juani katika miezi hiyo huwa la moto kiasi cha kutoshikika kwa mkono. Mwenye gari huliona limelegea saa nane mchana, huchukua spana na kulikaza hadi mwisho, kisha usiku linajivuta kwa ubaridi na kuanza kung'oa mishono au kupinda vyuma vya kukingama vinavyolishikilia. Ushauri wangu ni kulikaza asubuhi na mapema au jioni, kiasi kwamba ukilibonyeza katikati kwa kiganja lizame kidogo na kurudi. Mchana litalegea kiasi, na hilo halina madhara, kwa kuwa mvua yenyewe inapoanza hulipoza na kulivuta tena.

Gari likilala nje, liegeshwe pua ikiwa imeelekea mlimani ili maji yatiririkie nyuma, mbali na zile pembe za mbele. Penye tambarare, na mji wa Tabora ni tambarare kwa sehemu kubwa, wapo wanaoweka kreti tupu la soda chini ya kava ili kulipa mgongo. Njia hiyo inafaa endapo kreti limefunikwa gunia au godoro chakavu, kwa sababu ncha za plastiki husugua kitambaa gari linapotikisika na kukitoboa kutokea ndani, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Kuhusu pembe za mbele, tatizo ni kwamba reli ya upande na raba ya upande wa kabini hukutana pale kwa pembe mraba, na watengenezaji wengi huziba makutano hayo kwa kipande cha sponji. Sponji hunywa maji. Mwaka wa kwanza huzuia, mwaka wa pili hubaki imelowa muda wote na kuanza kudondosha ndani. Ni vyema kuiondoa, kukausha pale vizuri na kuweka raba ngumu pamoja na mstari wa silikoni ya kuzibia. Aidha, matundu ya kutolea maji yaliyomo kwenye sakafu ya bodi yazibuliwe kabla ya Novemba, kwa sababu hakuna kava laini linalozuia kila tone, na kinachoamua kama mzigo utaharibika ni iwapo maji machache yaliyoingia yanapata njia ya kutoka. Mwenye kubeba nafaka atandike vichaga vya mbao chini. Sentimita tatu za nafasi zinatosha.

Nakaribisha michango, hasa ya wanaosafiri njia za Kasulu, Uvinza, Urambo na Sikonge.

Mkazi wa Kasulu

Mkuu, ahsante kwa uzi huu. Mimi nabeba maharage kwenda Kigoma mjini, na kava langu ni jipya. Kinachonitatiza ni matope. Hata siku ambayo mvua haikunyesha juu yangu, nikipita barabara iliyolowa nakuta magunia ya nyuma yana tope laini, na wakati wa kiangazi ni vumbi jekundu ambalo hujipenyeza hadi ndani ya mishono ya gunia. Nimejaribu kupitisha mipira ya tyubu juu ya kava ili kulibana zaidi, lakini sioni tofauti. Je, kava hili lina kasoro?

Mwenye uzi

Ndugu wa Kasulu, kava lako halina kasoro, na mipira ya tyubu haiwezi kusaidia kwa sababu uchafu huo haupiti juu. Gari linapokwenda huacha nyuma yake eneo la hewa yenye mgandamizo mdogo, na matairi hurusha vumbi au matope katika eneo hilo hilo. Wakati huo huo hewa inayopita kwa kasi juu ya kava hulinyanyua kidogo, ndiyo maana unalisikia likipiga ngoma ukiwa kwenye lami. Kwa hiyo ndani ya bodi hewa inavutwa, na njia iliyo rahisi kuliko zote ni mwanya unaouzunguka mlango wa nyuma, hasa chini kwenye bawaba, ambako kiwandani hawakuweka raba yoyote kwa kuwa bodi ilikusudiwa kuwa wazi.

Tafuta raba ya mlango, ile yenye tundu katikati inayobonyea, uibandike pande zote za mlango wa nyuma pamoja na chini. Osha kwanza kwa maji na sabuni, kausha, kisha futa kwa spiriti kabla ya kubandika, kwa sababu raba ikibandikwa juu ya vumbi haitafika Makere. Ile mipira ya tyubu iondoe: inapovutwa juu ya kava lililo tupu hukwangua mipako ya vinili kila gari linapotikisika, nayo mipako ndiyo inayozuia maji.

Muuza dagaa wa Kibirizi

Wapendwa, naomba kutofautiana kidogo na mwenye uzi. Ameeleza maji yanayotoka nje, lakini kwa sisi wa dagaa maji mabaya ni yale yanayotoka kwenye mzigo wenyewe. Wakati wa mvua jua la kuanikia ni la kubahatisha, na mara nyingi tunapakia dagaa ambao hawajakauka sawasawa kwa sababu wingu limetanda na mteja anasubiri. Ukiwafungia dagaa hao chini ya kava jeusi lililobana kila upande, kisha jua likachomoza baada ya mvua, ndani kunakuwa na joto na unyevu pamoja. Mvuke unapanda, unagusa kitambaa, unapopoa jioni unadondoka kama matone juu ya magunia yale yale. Ukifika unakuta ukungu na harufu, wala hakuna tone la mvua lililoingia. Turubai la kawaida lililofungwa kwa kamba za manila linapitisha hewa pembeni, na kwa dagaa mimi nalipendelea hilo hata kama linaonekana la kizamani.

Mwenye uzi

Dada yangu, hoja yako nina wajibu wa kuikubali, na naongeza kwamba haiwahusu dagaa peke yao. Migebuka waliowekwa barafu, mihogo mibichi na hata mbao ambazo hazijakauka hutoa unyevu wa namna hiyo hiyo. Kava laini linafaa zaidi kwa mzigo ulio mkavu tangu mwanzo au ulio ndani ya vyombo vilivyofungwa, kama ndoo za asali na madumu ya mawese. Mtu asiye na njia nyingine anaweza kuliviringisha kava kutoka nyuma kwa kiasi cha viganja viwili pale mvua inapokatika na gari limesimama, ili mvuke utoke. Lakini kwa dagaa wenye unyevu, turubai lako la kizamani ndilo lenye haki.

Chumvi ya Uvinza nayo inahitaji tahadhari ya pekee. Haitoi mvuke, ila huvuta unyevu wa hewani, na maji yake ya chumvi yakitiririka hadi kwenye reli za alumini na bolti za chuma hula pale metali mbili tofauti zinapogusana. Baada ya kubeba chumvi, bodi ioshwe kwa maji mengi siku hiyo hiyo na bolti zipakwe grisi.

Mzaliwa wa Tabora aliyeko Edmonton

Nawasalimu ndugu zangu. Nasoma uzi huu nikiwa Kanada, katika jimbo la Alberta, ambako makava haya yanatumika sana, na nadhani itasaidia kuwaeleza yanavyoishi huku, kwa sababu maelekezo yanayokuja ndani ya boksi mara nyingi yameandikwa kwa kufikiria hali ya hewa ya namna hii.

Huku adui ni theluji. Ile kavu inayoanguka siku ya baridi kali ni nyepesi, kilo 100 au pungufu kwa mita ya ujazo, lakini theluji yenye maji, inayoanguka joto likiwa karibu na nyuzi sifuri, yaweza kuwa nzito mara tatu ya hiyo au zaidi. Ikilala kwa kina cha sentimita 20 juu ya bodi ya ukubwa aliousema mwenye uzi, kava linabeba zaidi ya kilo 130. Kwa hiyo tunaifagia mapema kwa ufagio laini, wala hatutumii koleo au kikwangulio cha barafu, kwa sababu vinili iliyoganda huchanika kwa urahisi. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 20 pungufu ya sifuri, kava linakuwa gumu, halikubali kuviringishwa, na anayelilazimisha hulipasua kwenye mkunjo. Mkanda wa kunatisha (velkro) nao hushikwa na barafu na kukataa kuachia. Wengi wetu hupaka raba silikoni ya kupuliza kabla ya majira ya baridi ili zisigandiane, tena hulegeza kidogo kikazio cha kava, kwa kuwa litasinyaa lenyewe.

Mkiisoma karatasi ya maelekezo, basi, lile shauri la kulegeza kava msimu unapobadilika lisiwapotoshe. Linahusu baridi ya huku. Tabora hakuna usiku unaofikia hali hiyo, hata Juni na Julai.

Mwenye uzi

Ndugu wa Edmonton, umenisaidia kufafanua jambo ambalo limewapotosha wengi hapa mjini. Karatasi inasema legeza, mtu analegeza Novemba, na mvua inamkuta na bonde. Lakini silikoni kwenye raba inafaa kwetu pia kwa sababu nyingine: jua hukausha raba na kuipasua, na raba iliyopakwa mara moja kabla ya mvua na mara moja katikati ya kiangazi hubaki laini kwa muda mrefu zaidi. Mafuta ya dizeli, mafuta ya taa au petroli yasitumike kwa kazi hiyo, ingawa nimeona karakana zinazoyatumia kung'arisha. Huvimbisha raba na hunyonya kilainishi kilichomo ndani ya vinili, na kava hubaki likiwa gumu kama gamba.

Fundi wa Isevya, Tabora

Kwa heshima ya wachangiaji walionitangulia, naomba niseme ninayoyaona katika kushona. Makava mengi yanayoletwa kwangu hayakuharibiwa na mvua. Yameliwa na jua la kiangazi, kisha mvua za kwanza zimeyadhihirisha. Uzi wa kushonea unaoza kabla ya kitambaa, hasa kama ni wa pamba au ni ule wa nguo za kawaida, na mshono ukiachia sehemu ndogo, upepo wa barabarani unamalizia sehemu iliyobaki. Mteja akija namwambia tushone upya mishono yote kwa uzi mnene wa poliesta hata kama umeachia mmoja, na wapo wanaoniona natafuta pesa. Ukweli ni kwamba nyuzi zote zina umri mmoja.

Tundu dogo lisishonwe, kwa sababu kila sindano inapopita inaacha tundu jingine la maji. Kata kiraka cha vinili chenye pembe za mviringo, maana pembe kali huanza kubanduka, safisha kwa spiriti, paka gundi ya vinili pande zote mbili, subiri ianze kunata, kisha bandika na uweke kitu kizito hadi kesho yake. Ukiweza, weka kiraka upande wa ndani na wa nje. Mkanda wa kunatisha uliojaa vumbi usibadilishwe haraka, kwani mara nyingi brashi ya waya laini huurudishia uhai. Vifungo vya kubana vinavyokataa kuingia visigongwe kwa nyundo: vinapakwa nta ya mshumaa kidogo, vinaingia.

Halafu kuna suala la miembe. Tabora sote tunaegesha chini ya miembe, na embe zinaiva Novemba na Desemba, wakati ule ule mvua zinapoanza. Embe lililoanguka kutoka juu linaweza kuchana kava la zamani, na utomvu wake ukikaa siku kadhaa juani huacha doa lisilotoka. Majani nayo hujikusanya kwenye dimbwi, huoza, na kuziba njia za maji kwenye reli. Kivuli cha mwembe kinalisaidia kava kiangazi chote, kwa hiyo sisemi mtu ahame. Nasema afagie kila asubuhi.

Dereva wa Sikonge

Mzee wangu fundi, shikamoo. Naomba kuuliza kuhusu mvua ya mawe, kwa sababu huku kwetu hutokea, na sote tunakumbuka ile iliyopiga Mwakata, wilayani Kahama, Machi 2015. Je, kava laini linaweza kuhimili, au ninunue lile gumu la bati au kanopi?

Fundi wa Isevya, Tabora

Marahaba. Mawe ya kawaida, ya ukubwa wa punje ya hindi, kava lililokaza linayadundisha bila kuumia. Mawe makubwa hayazuiwi na vinili iliyochoka, na hata bati la gari huwa linabonyea. Kama hofu yako ni mawe peke yake, usibadilishe, ila ukishaona ufa mweupe kwenye mikunjo ya kava lako, ujue mawe yatalipitia pale. Kanopi ni jambo la kufikiriwa kwa sababu ya wizi, kwa kuwa kava laini linafunguliwa kwa kisu.

Dereva wa Sikonge

Ahsante, mzee wangu. Nabeba asali ya ndoo na mara nyingine mizinga mitupu ambayo inazidi kimo cha bodi, kwa hiyo kanopi itanibana.

Mwenye uzi

Kwa mzigo wako basi, ndugu yangu, kava laini la kuviringisha ndilo linalokufaa, kwa kuwa siku ya mizinga unaliviringisha hadi kwenye kabini na kulifunga kwa mikanda yake, na siku ya ndoo unalirudisha. Zingatia jambo moja tu katika kuliviringisha: lisikunjwe likiwa limelowa na tope halafu likaachwa hivyo wiki nzima. Mchanga unaobaki kati ya mikunjo husugua mipako, na unyevu huotesha ukungu mweusi kwenye upande wa ndani wa poliesta, ambao ukishaingia kwenye nyuzi hautoki kwa sabuni. Ukilazimika kulikunja wakati wa mvua, lifungue tena ufikapo, limwagie maji safi, ulifute kwa kitambaa na kuliacha wazi hadi likauke.

Mkazi wa Kasulu

Nimebandika raba ya mlango wa nyuma kama nilivyoelekezwa, na tope limepungua sana, ila sasa mlango haufungi bila kusukumwa kwa bega. Nipunguze unene wa raba?

Mwenye uzi

Usipunguze kwanza. Raba mpya yenye tundu katikati hujibonyeza yenyewe baada ya kufungwa usiku kadhaa. Ikiwa baada ya hapo bado unahitaji bega, legeza vishikio vya komeo vilivyoko kwenye nguzo za bodi, uvisogeze nje kwa milimita moja au mbili, kisha ukaze tena. Iache wazi sehemu ndogo ya chini, mkabala na tundu la kutolea maji, ili maji yatakayoingia kwa mbele yasikwame nyuma ya raba hiyo uliyoiweka.